Mwili Pwani, Moyo Ng'ambo



Hivi karibuni tulivuka ziwa kwenda kisiwa cha Bumbire. Zilikuwa siku za mbalamwezi, na wavuvi wa dagaa walikuwa wamekaa nyumbani. Kwa maana dagaa huvuliwa katika giza, wakivutwa na nuru ya taa, na mwezi ukiwa mkubwa kazi hiyo hupungua. Mitumbwi ilikuwa imelazwa mchangani, na nyavu zimetandazwa juani. Lakini sisi tulikwenda kwa huzuni. Tulikwenda kumfariji mama mmoja, mshiriki wa Meza ya Bwana tangu ujana wake, ambaye wanawe wawili walitoka usiku kuvua, upepo ukawapata katikati ya maji, mtumbwi ukapinduka. Mdogo alirudi pwani akiwa ameshika dumu tupu. Mkubwa hakurudi.

Tuliketi nyumbani mwake, tukasoma Neno, tukaomba. Kisha mama akaanza kusimulia. Alisema polepole, na mlango ulikuwa wazi, na kupitia mlango ule tuliuona mtumbwi wa kuturudisha bara. Tuliona pia mawimbi yameanza kuvimba. Tukahesabu moyoni: tukiondoka sasa tutafika kabla ya jua kuchwa, na kesho kuna kikao cha wazee wa usharika, na hesabu za sadaka hazijakamilika. Tuliendelea kuitikia kwa kichwa. Mara mama akanyamaza. Akatutazama, akasema kwa sauti isiyo na hasira, "Baba Mchungaji, nimesema nini sasa hivi?"

Ndugu, hatukuwa na jibu. Tulitafuta neno hatukuliona. Mwili wetu ulikuwa pwani ya Bumbire, na moyo ulikuwa umekwisha kuvuka ng'ambo. Tulikuwa tumevaa kola ya uchungaji, tumekuja na Biblia mkononi, nasi hatukuwapo.

Tukiwa katika aibu hiyo, yule kijana aliyesalimika, aliyekuwa ameketi kizingitini akishona wavu, akasema, "Baba, na mimi nina neno." Akatuambia kwamba tangu usiku ule usingizi umemkimbia. Rafiki yake alimwonyesha katika simu mafundisho ya kukaa kimya, kufumba macho, kuvuta pumzi na kutoa mawazo yote, na aliahidiwa kwamba atapata amani. Akajaribu usiku baada ya usiku. Lakini kila alipofumba macho aliuona mkono wa kaka yake ukiachia ubavu wa mtumbwi. Mzee mmoja akamwambia, "Umefungulia pepo mlango." Mwingine akamwambia, "Imani yako ni haba." Rafiki naye akamwambia, "Kaza tu, itapita, huhitaji hospitali." Kijana akatuuliza, "Je, Baba, kosa langu ni lipi?"

Hatukumjibu upesi, kwa maana tulikuwa tumekwisha kuonywa na mama yake. Lakini twajua kwamba si yeye peke yake aulizaye. Mafundisho haya yameenea mijini na vijijini, na watu wetu wayapokea au wayakataa pasipo kuyaelewa. Kwa hiyo twataka katika ukurasa huu kuyapima, ili walimu na wainjilisti wawe na jibu.

Kwanza yafaa kujua jambo lenyewe ni nini. Wengine huliita uzingativu. Ni zoezi la mtu kukusudia kuwa macho kwa jambo lililopo sasa: pumzi yake, mwili wake, kazi iliyo mkononi mwake, mtu aliye mbele yake, na moyo ukienda mbali, kuurudisha bila matata. Asili yake ni katika mafundisho ya Wabudha wa Asia, ya karne nyingi kabla ya Bwana wetu kuzaliwa. Mwaka 1979 Mmarekani mmoja, Jon Kabat-Zinn, aliyaleta mazoezi hayo katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, akawafundisha wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu, bila kuwaambia wafuate dini ya Buddha. Tangu hapo yameenea katika hospitali, shule, ofisi, hata majeshi. Lakini yalipoenea, makosa nayo yakaenea pamoja nayo. Sisi tutayataja sita.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kutulia ni kuutoa moyo mawazo yote hata ubaki mtupu. Hili hata walimu wenyewe wa jambo hili hawalifundishi. Katika Kipali, lugha iliyotunza mafundisho ya kale ya Wabudha, neno lao ni sati, na maana yake ya asili ni kukumbuka. Mtu akumbukaye hawezi kuwa mtupu. Tena mvuvi ajua kwamba ziwa halikosi wimbi. Hata siku ya shwari kuna kiwimbi kidogo kinachopiga mchanga. Aambiaye moyo usiwaze ni kama aambiaye ziwa lisitikisike. Na Bwana wetu, katika Luka sura ya 11, alisimulia habari za nyumba iliyofagiwa na kupambwa, lakini ikaachwa bila mwenyeji. Na hali yake ya mwisho ikawa mbaya kuliko ile ya kwanza. Mkristo anyamazapo hatafuti nyumba tupu. Amtaka Mwenye nyumba aingie, akae, hata ikiwa nyumba haijafagiwa.

Kosa la pili ni kudhani kwamba moyo ukitangatanga, mtu ameshindwa, na sala yake imekuwa bure. Washarika wangapi wametujia wakisema, "Baba, naanza Baba Yetu, nikifika kwenye mkate wa kila siku nimekwisha kuwaza bei ya kahawa." Mwaka 1535 Dkt. Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Petro Beskendorf wa Wittenberg, kijitabu kidogo juu ya namna ya kuomba. Alitumia mfano wa kazi ya kinyozi mwenyewe: kinyozi mwema hana budi kukaza nia na macho yake katika wembe na nywele, akipiga domo na kutazama huku na huku, atamkata mtu kinywa au pua, hata koo. Tazama jinsi mfano huo ulivyo wa kawaida. Luther hakumwambia Petro aende mlimani. Alimwonyesha kwamba tayari ajua kukaza moyo, kwa kuwa hufanya hivyo kila siku dukani mwake. Basi na afanye vivyo hivyo mbele za Mungu. Na wavuvi wetu wajua. Ashikaye usukani usiku hana nafasi ya kusinzia.

Lakini wembe ukiteleza kidogo, kinyozi mwema haachi kazi. Huurudisha mahali pake. Ndivyo ilivyo katika sala. Mwana mpotevu, katika Luka sura ya 15, alikuwa mbali na nyumbani kwa miguu na kwa moyo pia. Mwanzo wa wokovu wake ulikuwa nini? Ni kwamba alijirudia, akakumbuka kwa baba yake. Baba hakumwuliza amepotea mara ngapi. Katika Katekismo Ndogo tumefundishwa kwamba ubatizo wetu hutuita kila siku kufa kwa habari ya dhambi na kufufuka upya. Basi ikiwa maisha yote ya Mkristo ni kurudi, kwa nini tuone ajabu sala nayo ikiwa ni kurudi? Moyo ukienda mara 100, urudishwe mara 100. Kule kurudi ndiko kuomba.

Kosa la tatu ni kubwa kuliko hayo, nalo ni kudhani kwamba utulivu ni utakatifu. Watu husema, "Yule ni mtu wa Mungu, hakasiriki, mkono wake hautetemeki." Ndugu, kisiwa cha Bumbire chatosha kutufundisha. Tarehe 28 Aprili 1875 Henry Morton Stanley alifika huko kwa mashua yake Lady Alice akitafuta chakula. Watu wa kisiwa waliivuta mashua mpaka nchi kavu, wakachukua makasia yake. Stanley na watu wake wakaisukuma tena majini, wakapiga bunduki, wakaondoka wakipiga maji kwa mbao walizozing'oa ndani ya mashua. Hapo palikuwa na hofu na ghasia pande zote mbili. Lakini mwezi wa Agosti mwaka ule ule alirudi. Alikuja na mitumbwi mingi na watu wengi wenye silaha, akaipanga majini mbali kidogo na nchi, na bunduki zikapigwa juu ya watu waliosimama pwani na mikuki na mishale yao. Wengi waliuawa. Hata huko Uingereza wako waliosoma barua zake wakachukizwa.

Kati ya mambo hayo mawili ilipita miezi 3. Jambo la Agosti halikufanywa katika ghasia. Lilikusudiwa, likahesabiwa, likapimwa masafa. Mtu aweza kutulia sana, akashusha pumzi, akakaza jicho, ili apige bunduki sawasawa. Naye Petro kinyozi, mwaka ule ule alioandikiwa kijitabu cha sala, alimchoma mkwewe kisu mezani akamwua. Luther na wengine walimwombea, naye akasamehewa kuuawa, lakini alifukuzwa mjini na kupoteza mali yake. Basi mtu asijisifu kwa sababu ajua kuketi kimya. Katika Zaburi ya 46 Mungu awaamuru watu kunyamaza na kumjua yeye. Lakini someni mstari ulio kabla yake: Bwana avunja uta, akata mkuki, ateketeza magari ya vita kwa moto. Kunyamaza kunakotakiwa na Mungu ni kuweka silaha chini. Anyamazaye huku akimwekea jirani yake kisasi hajanyamaza bado. Ameficha kelele tu. Kwanza toba, ndipo utulivu.

Kosa la nne ni kudhani kwamba kutulia ni dawa ya kila ugonjwa, tena ni dawa isiyoweza kumdhuru mtu. Wataalamu wameona kwamba mazoezi haya huwasaidia wengi wenye wasiwasi, huzuni na maumivu. Hatukatai, wala hatuoni wivu. Lakini wameona pia kwamba wako ambao kimya huwazidishia taabu, na hasa wale walioona mambo ya kutisha. Mtu wa namna hiyo akifumba macho, lile aliloliona humrudia kwa nguvu. Kijana wa Bumbire hakuwa na pepo, wala imani yake haikuwa haba. Alikuwa na jeraha, naye alifundishwa kulibonyeza.

Sisi watu wa Kagera tungepaswa kuyajua haya kabla ya wengine. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya misheni ya wasichana pale Kashasha, wasichana 3 walianza kucheka wasiweze kujizuia. Jambo likaenea hata wasichana 95 kati ya 159 wakapatwa, wakicheka na kulia, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Likafika Nshamba na mahali pengine. Madaktari walipima, wasione sumu wala kidudu cha ugonjwa. Wako waliosema ni wazimu. Lakini wengi waliochunguza baadaye wameona kwamba ulikuwa mzigo wa hofu na mashaka, ambao wasichana wale hawakuwa na maneno ya kuusema, nao ukatafuta mlango mwingine wa kutokea. Moyo ukizuiwa kusema, mwili husema. Hapo kumwambia mtu "Tulia!" ni sawa na kuziba chungu kinachochemka.

Na tena, mkoa wetu ndio ulioonekana wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania, mwaka 1983. Tulizika wazazi, tukalea yatima. Twajua gharama ya mtu kuacha dawa kwa sababu mtu fulani amemwahidi uponyaji mwepesi zaidi. Kwa hiyo twasema wazi: mtu awaye yote akikuambia uache dawa zako kwa kuwa umejifunza kutulia, au hata kwa kuwa umeombewa, usimsikilize. Mungu aliyetupa sala ndiye aliyetupa madaktari. Mwinjilisti aonapo mtu asiyelala majuma mengi, au asemaye kwamba afadhali afe, kazi yake ni kuomba naye na kumpeleka hospitali siku ile ile, asiache neno moja kwa ajili ya lingine.

Kosa la tano ni kudhani kwamba kila kukaa kimya ni dini ngeni, na ni mlango wa mapepo. Twaelewa hofu hii ilikotoka. Wazee wetu waliliogopa ziwa na kumtaja Mugasha, waliyemwona kuwa bwana wa maji na tufani, na embandwa walikuwa wakingoja kupandwa na roho. Waliotoka katika mambo hayo kwa ubatizo hawakutaka kamwe kukaa mahali pa kungoja roho wasiyemjua. Tena Uamsho ulipofika Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1930, watu walilia na kuungama kwa sauti mbele ya mkutano, na Mungu aliwagusa wengi. Kwa hiyo wako wasemao mpaka leo kwamba sala isiyosikika ni sala iliyopoa.

Lakini Hana, mama yake Samweli, aliomba midomo ikicheza bila sauti, na kuhani Eli akamdhania kuwa mlevi. Aliyekosa ni kuhani. Na pumzi ni ya nani? Mwanzo sura ya 2 yatuambia kwamba Mungu ndiye aliyempulizia mtu pumzi. Kuitambua pumzi yako na kushukuru si kuabudu miungu mingine. Basi tuwape washarika kipimo hiki: ukialikwa kuketi, kutulia, kuangalia pumzi na kurudisha moyo, hilo ni jambo la mwili na akili, nawe waweza kulifanya mbele za Mungu wako. Ukialikwa kusujudia sanamu, kuita roho, au kutamka jina usilolijua, ondoka. Wala tusiwasingizie Wabudha mambo wasiyoyafanya. Amri ya Nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, nayo haikusema ni jirani Mkristo tu.

Kosa la sita ni kudhani kwamba jambo hili ni la watu wenye nafasi, tena ni kwa ajili ya raha ya nafsi yangu mimi. Watu waona picha ya mtu aliyeketi juu ya zulia safi katika nyumba tulivu, nao husema, "Mimi na watoto 6 na shamba la migomba nitaketi saa ngapi?" Hapo Martha na Mariamu hutajwa mara nyingi, na Martha hulaumiwa kwa sababu alikuwa jikoni. Lakini Bwana hakulaumu sufuria. Alisema habari za moyo uliovutwa huku na huku kwa mambo mengi. Martha angeweza kupika akiwapo, na Mariamu angeweza kuketi miguuni asiwepo. Sisi ni mashahidi. Tuliketi kabisa katika nyumba ya mama yule, wala hatukuwapo.

Tena kutulia kunakoishia katika raha yangu ni chombo kilichofungwa pwani, hakivui kitu. Mungu aturudisha nyumbani moyoni ili tuweze kumwona jirani. Luther alifundisha mara nyingi kwamba Mungu hana haja na matendo yetu mema, lakini jirani yetu anayo haja. Vivyo hivyo twasema: Mungu hapungukiwi neno tusipotulia, lakini yuko mama anayezungumza na mtu asiyesikia.

Basi tufanyeje? Walimu na wainjilisti wapendwa, twawapa njia nyepesi, nayo si yetu. Katika kijitabu kile kwa Petro, Luther asema kwamba huichukua kila amri na kuisokota kama shada la nyuzi nne. Uzi wa kwanza ni fundisho: Mungu anataka nini kwangu hapa? Wa pili ni shukrani: amenipa nini? Wa tatu ni maungamo: nimekosa wapi? Wa nne ni ombi: nisaidie. Nanyi fanyeni hivyo, asubuhi kabla ya kwenda shamba au mwaloni. Keti, au simama, au tembea. Macho yakiwa wazi ikiwa kufumba kwakutia hofu. Pumua mara chache ukikumbuka kwamba pumzi hiyo ni zawadi. Chukua neno moja la Maandiko, ulipitishe katika nyuzi zile nne. Moyo ukiondoka, urudishe. Ikiwa Roho Mtakatifu akufundisha neno, Luther asema uache mengine usikilize. Dakika 10 zatosha. Kisha mtu wa kwanza utakayekutana naye, mtazame usoni, umwamkie kana kwamba huna safari.

Na mwende kwa wenye msiba namna hiyo. Zima simu. Usiketi mahali uonapo chombo chako. Usiharakie kusema "Ni mapenzi ya Mungu." Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku 7, walipoketi naye mavumbini bila kusema neno, walikosa walipofumbua vinywa.

Sisi tulirudi Bumbire baada ya majuma machache. Safari hii simu tulimwachia nahodha, tukamwambia asitungoje, kwa kuwa tutalala kisiwani. Tuliketi na mama tangu alasiri mpaka taa ikawashwa. Tulimwomba msamaha, tukamwomba atusimulie tena tangu mwanzo. Akasimulia. Alipofika mahali fulani alisita, akatutazama, kisha akaendelea. Alisema kwamba usiku ule mwanawe mkubwa alichelewa, akaondoka bila kula, akasema, "Mama, niwekee." Naye akamwekea ndizi katika sahani, akafunika. Sahani ile hajaiosha mpaka leo. Akatuambia, "Ndilo neno nililolisema siku ile, Baba, nawe ulikuwa ukitazama ziwa."

Tulilia pamoja naye. Hatukusema mengi. Asubuhi aliileta sahani yenyewe, tukaomba, naye akaiosha kwa mkono wake, sisi tukimmiminia maji.

Kijana naye alikubali kuvuka bara kumwona daktari, nasi tulikwenda pamoja naye. Hajapona kabisa. Bado hatoki usiku. Hushona nyavu mchana, na akiomba huomba macho yakiwa wazi, akiangalia sindano ya wavu ikiingia na kutoka. Tulimwambia kwamba hiyo ni sala iliyo kamili.

Naye alituuliza tena juu ya dhoruba katika Marko sura ya 4: je, wanafunzi walikosa kumwamsha Yesu? Tulifikiri sana. Bwana aliwauliza juu ya hofu yao na imani yao, ni kweli. Lakini kwanza aliamka. Aliukemea upepo kabla ya kuwauliza wao neno lo lote. Tena tazameni, shwari kuu haikutoka katika mioyo ya wanafunzi, kana kwamba walijifunza kutulia vizuri mpaka ziwa likawaiga. Ilitoka katika neno la Kristo aliyekuwamo chomboni pamoja nao. Sisi Walutheri tusisahau hili, kwa maana ndilo litofautishalo Injili na mazoezi yote, hata yaliyo mema. Zoezi laweza kumfundisha mtu kurudi. Lakini yuko amngojaye huko arudiko, wala kazi yetu haikumweka hapo. Ziwa likitulia au lisipotulia, yeye yumo.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe hukuwa mbali na mtu ye yote aliyesema nawe. Utusamehe sisi tuliosikiliza kwa kichwa na kukimbia kwa moyo. Uwaponye walioona mambo mazito majini na nchi kavu. Uwape watu wa kuwasikia, na madaktari wa kuwatunza. Uturudishe kwako kila siku, mara nyingi kadiri tupoteavyo. Na ukiisha kuturudisha, utupeleke kwa jirani. Amina.